Drili ya mezani: hiyo 13 ni ya nini hasa?

Pesa ya korosho ikishaanza kuingia, kibanda changu cha useremala nyuma ya nyumba, hapa Magomeni mjini Mtwara, hugeuka baraza la ushauri. Anakuja mkulima kutoka Tandahimba anayetaka kumfungulia mwanawe karakana. Anakuja mwalimu anayetengeneza stuli siku za Jumamosi. Anakuja kijana aliyemaliza VETA juzi. Kila mmoja ameshika simu yenye picha ya mashine, na swali ni lilelile: "Fundi, nichukue ya 13 au ya 16?"

Nami huuliza, "13 ya nini?"

Hapo mtu huitazama tena picha kana kwamba jibu limeandikwa pembeni.

Kijana mmoja wa Chikongola hakuja kuuliza kabla. Alikuja baada ya kununua. Alikuwa na oda ya stuli za duara, kikalio sentimita 30 kwa upana, na alitaka tundu katikati kabisa ya kila kikalio. Dukani akaambiwa "hii ni ya 13", akapiga hesabu kichwani: inchi 13 ni sentimita 33, kikalio kinapita na nafasi inabaki. Alipofika nyumbani kikalio kikagonga nguzo ya mashine, na biti, kile chuma kinachotoboa, iko palepale sentimita kumi tu kutoka ukingoni. Katikati hapafikiki. Akanijia na kikalio kwapani: "Kaka, hawa wamenipunja inchi ngapi?"

Hawakumpunja hata moja. Ile 13 haikuwa inchi, wala haikuwa na habari na upana wa ubao. Tatizo ni kwamba mashine hizi huitwa kwa namba, lakini namba zenyewe hazitoki kwenye kipimo kimoja. Mwingine anapima mdomo, mwingine anapima mkono, halafu wote wanasema "saizi".

Tuijue mashine kwanza

Drili ya mezani ni mashine ya kutoboa inayokaa juu ya meza ya kazi. Tofauti yake na drili ya mkono ni ile ya cherehani na sindano ya mkono. Kwa sindano unashona popote, hata umekaa mkekani, lakini unyoofu wa mshono unategemea jicho lako na uchovu wako. Cherehani imeshaamua njia ya sindano: inashuka palepale kila mara, na kazi yako ni kukipeleka kitambaa. Drili ya mezani nayo imeshaamua njia ya biti. Wewe unapeleka ubao.

Chini kuna msingi, bamba zito la chuma cha kusubu lenye matundu ya bolti. Juu yake inasimama nguzo. Kwenye nguzo kuna meza ndogo inayopanda na kushuka, na nyingi huweza kulazwa hadi nyuzi 45 kwa kutoboa mshazari. Juu kabisa ni kichwa: mota nyuma, shafti (ule mhimili unaozungusha biti) mbele, na katikati mkanda unaopita kwenye puli, magurudumu yake, chini ya kifuniko. Pembeni kuna mkono wa kushushia, aghalabu wa vijiti vitatu kama usukani wa jahazi dogo. Mwisho wa shafti ndiko kuna ule mdomo wenye taya tatu zinazong'ata biti. Mafundi tunauita chaki. Si ile ya mwalimu.

Sasa ile 13. Kwenye mashine nyingi zinazofika madukani kwetu, 13 ni milimita, na inapima mdomo: chaki inaweza kung'ata biti yenye shina la unene wa hadi milimita 13, yaani karibu nusu inchi. Ya 16 inang'ata hadi milimita 16. Basi. Haisemi ubao wako uwe na upana gani. Haisemi hata tundu lako liwe kubwa kiasi gani, kwa sababu biti nyingi za mbao zina kichwa kipana na shina jembamba. Ile biti ya milimita 35 inayochimba shimo la bawaba za kikombe kwenye milango ya kabati za jikoni ina shina linaloingia kwenye chaki ya 13 bila shida. Ukitoboa chuma kwa biti za kawaida, ambazo shina na kichwa ni unene mmoja, hapo ndipo 13 inakuwa mpaka wa kweli.

Namba ya pili ni ya Wamarekani, na hiyo ndiyo kijana wetu alidhani anauziwa. Wao huita mashine "ya inchi 8", "ya inchi 10", "ya inchi 12", na wanapima mkono: umbali kutoka ncha ya biti hadi nguzo, kisha wanauzidisha mara mbili. Kwa nini mara mbili? Mfikirie mbuzi aliyefungwa kambani. Kamba ikiwa na urefu wa mita nne, duara analokula lina upana wa mita nane. Mashine ya inchi 8 ina kamba ya inchi 4, ambayo ni sentimita 10 na kidogo. Ubao wa upana wa inchi 8 utautoboa katikati, kwa sababu katikati yake iko inchi 4 kutoka kila upande. Ubao wa inchi 10 huuwezi. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na kwa maana hii walau msemo hauna rushwa ndani yake.

Kijana wa Chikongola alinunua mdomo wa milimita 13 wenye kamba ya sentimita 10. Kwa kikalio cha sentimita 30 alihitaji kamba ya sentimita 15. Hilo tu. Kwa hiyo ukienda dukani usiulize "ya ngapi". Chukua rula, pima kutoka katikati ya chaki hadi nguzo, na hicho ndicho kipimo chako. Hakuna muuzaji wa kubishana na rula.

Lakini kabla hujakimbilia kamba ndefu, kumbuka vitu kumi vya mwisho ulivyotengeneza. Shimo la bawaba ya kabati, katikati yake iko milimita zipatazo 22 tu kutoka ukingoni. Tundu za skrubu kwenye miguu ya kitanda, tundu za vijiti vya kuungia, tundu za kitasa: zote ziko pembeni. Watu wengi wa karakana ya nyumbani wanalipia sentimita ambazo zitatumika mara mbili kwa mwaka. Na hata hizo mara mbili zina njia. Nilimwambia yule kijana achukue kipande kinene cha mninga, akitoboe kwa mashine yake tundu moja lililonyooka wima. Kisha akibebe kipande kile, akifunge kwa klampu katikati ya kikalio, apitishe biti ya drili ya mkono ndani ya tundu lile. Unyoofu wa mashine ukahamia katikati ya ubao. Stuli zake zote alizimaliza hivyo.

Kuna kipimo kingine ambacho hakina jina la dukani kabisa: mwendo wa kushuka. Ukivuta mkono hadi mwisho, biti inashuka kiasi gani? Mashine ndogo nyingi ni milimita 50. Zinazofuata hufika 80. Mguu wa kitanda wa milimita 90 hautobolewi kwa pumzi moja na mashine ya 50. Unatoboa, unazima, unainua meza, unaendelea, au unageuza ubao na kukutana katikati. Inawezekana, ila ukiifanya mara arobaini kwa oda ya vitanda kumi utajua kwa nini ya 80 iko ghali.

Na zile ndefu za kusimama sakafuni? Tofauti kubwa ni urefu wa nguzo. Kwa ubao wa kawaida urefu huo unakaa bure. Siku ukiwa na kitu kirefu cha kutoboa kichwani, drili ya mezani iliyofungwa vizuri kwa bolti inaweza kugeuzwa kichwa chake kitazame nje ya meza, na kazi ikasimama sakafuni. Bolti kwanza, tafadhali. Kichwa ndicho kizito, na mashine isiyofungwa itaanguka nacho.

Kasi: hapa ndipo pesa inapotea

Ningeambiwa nieleze jambo moja tu kuhusu mashine hii, ningeacha wati, ningeacha inchi, nikaeleza kasi. Na si kasi kubwa. Kasi ndogo.

Wateja wangu karibu wote huanzia upande usio: "Fundi, hii inazunguka 2,500, ile 3,000, si ya 3,000 ndiyo bora?" Na wakishika mbao ngumu wanaongeza tena, kwa imani kwamba ubishi wa mti unashindwa kwa mbio. Kwenye mbao ni kinyume. Biti ikiwa kubwa, punguza. Mti ukiwa mgumu, punguza tena.

Sababu yake iangalie kwenye gurudumu la baiskeli. Likizunguka mara moja, kile chuma cha katikati kimesogea kidogo tu, lakini tairi limekwenda zaidi ya mita mbili. Mzunguko ni uleule, mwendo si uleule. Biti ni hivyohivyo: kinachokata ni ukingo wake wa nje, na kadiri biti inavyokuwa pana ndivyo ukingo unavyokimbia.

Biti ya milimita 6 ina mzingo wa karibu milimita 19. Ukiizungusha mara 2,500 kwa dakika, ukingo wake unakwenda mita 47 kwa dakika. Sasa weka ile ya bawaba, milimita 35. Mzingo wake ni milimita 110. Ishushe hadi mizunguko 560, ambayo watu huiita "konokono", na ukingo wake unakwenda mita 61 na ushei. Yaani ile kubwa kwa mwendo wa konokono bado inaukimbiza ukingo wake kuliko ile ndogo iliyofunguliwa mpaka mwisho. Ukiiacha kubwa kwenye 2,500, ukingo unapita mita 270 kwa dakika. Hapo hukati tena, unasugua. Moshi, harufu ya kuungua, tundu jeusi, na biti inayopoteza makali kwa sababu chuma chake kimelegezwa na joto. Halafu tunasema biti ni feki. Mara nyingine ni feki kweli, lakini si mara zote.

Mpingo ndio mwalimu mkali wa somo hili. Ni mti mzito kiasi cha kuzama majini, na ukiupelekea biti kubwa kwa mbio utakujibu kwa moshi ndani ya sekunde chache. Uushukie taratibu, ingiza kidogo, inua biti itoe vumbi, ingiza tena. Mkongo unataka heshima kama hiyo. Mninga ni mpole zaidi. Paina inasamehe karibu kila kitu, ila biti butu itauchana upande wa chini.

Mafundi wa zamani waliochonga milango ya Mikindani na kuunda majahazi hawakuhitaji kuambiwa haya. Walikuwa na kekee, drili yao ya mkono: kijembe cha chuma kimechomekwa kwenye msukano, kile kipande cha mti kinachozunguka, msukano unazunguka ndani ya jivu, yaani mpini wa kushikia, na uta unavutwa mbele na nyuma kuuzungusha. Hakuna aliyeunguza mbao kwa kekee.

Kwa hiyo dukani uliza kasi ya chini kabisa ni ngapi. Jibu liko kwenye puli. Fungua kifuniko cha juu. Ukiona puli mbili za ngazi na mkanda mmoja, hiyo kwa kawaida ni mashine ya kasi tano. Mota yenyewe, kwa umeme wetu wa hezi 50, huzunguka karibu mara 1,400 kwa dakika. Mkanda ukikaa kwenye ngazi ndogo ya mota, tuseme milimita 40, na ngazi kubwa ya shafti, milimita 100, shafti inazunguka 1,400 mara 40 gawanya kwa 100: 560. Ni kama gia za baiskeli, sahani ndogo mbele na kubwa nyuma, unapanda mlima polepole. Mashine ya puli tatu na mikanda miwili, ambayo mara nyingi ndiyo wanaiita ya 16, huwa na kasi 12 na hushuka hadi karibu 200. Kwa mtu atakayechimba mashimo ya bawaba kila siku au kufanya kazi za mpingo, huko kushuka ndiko ningelipia, siyo ile milimita tatu ya mdomo. Kwa anayetoboa tundu za skrubu na vijiti, kasi tano zinamtosha.

Kuhamisha mkanda kunachukua dakika moja, na watu hawahamishi. Nimeona mashine imetumika miaka na mkanda uko palepale ulipowekwa kiwandani. Ni sawa na kununua baiskeli ya gia na kuipanda kwa gia moja mpaka izeeke. Kuna mashine zenye kitufe cha kubadili kasi, nzuri sana kwa uvivu wetu, lakini nyingi za bei ya chini hupoteza nguvu ukiishusha kasi, wakati ile ya mkanda ukiishusha kasi inaongeza nguvu ya kusokota. Jaribu kabla ya kusifia.

Wati, farasi na herufi S

Wati zinauza mashine kuliko kitu chochote, na ndizo zinazodanganya zaidi. Nguvu moja ya farasi ni wati 746, hivyo "nusu farasi" ni kama wati 370. Kwa mbao, mota tulivu isiyo na kaboni (zile brashi zinazosugua ndani), yenye wati 350 halisi, inafanya kazi nyingi za nyumbani. Neno ni hilo, halisi. Kibandiko kimoja huandika umeme unaoingia, kingine nguvu inayotoka, na kati ya hizo mbili kuna joto linalopotea. Mashine ya "500" inaweza isiizidi ya "375".

Tafuta kwenye kibandiko cha mota herufi S. Ukikuta S1, mota imetengenezwa kufanya kazi mfululizo. Ukikuta S2 na dakika 15, maana yake mtengenezaji mwenyewe anakwambia: nifanyishe kazi robo saa, kisha nipumzishe nipoe. Hiyo si mashine mbovu. Ni kama jamaa mwenye nguvu asiye na pumzi. Kwa karakana ya nyumbani anatosha, kwa kiwanda cha madawati atakufa mapema. Wauzaji wengi hawajui herufi hiyo ipo, kwa hiyo usitegemee kuuliza, soma mwenyewe.

Na umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, je? Hili swali huja na uso wa wasiwasi kweli. Mota ya wati 350 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote inamaliza uniti moja kwa karibu saa tatu. Pasi ya wati 1,000 inaimaliza kwa saa moja. Na drili haitoboi saa tatu mfululizo. Unapima, unafunga klampu, unatoboa nusu dakika. Kama nyumba inamudu kunyoosha nguo, inamudu drili.

Umeme unaonitia hofu ni ule unaokatika na kurudi. Mkono uko kwenye mashine, umeme umekwenda, umeinama kufungua biti, umeme huo umerejea. Kuna swichi ya vitufe viwili, kijani na nyekundu, ambayo umeme ukikatika yenyewe inajiachia, na mashine haiwaki tena mpaka ubonyeze kijani. Jaribu dukani: washa, chomoa plagi ukutani, rudisha. Ikiwaka yenyewe, swichi hiyo si ya usalama hata ikiwa na rangi nzuri. Kwa mji unaokatikiwa umeme, hiki ni kigezo cha kwanza kwangu kuliko wati.

Pia jihadhari na mashine za mtumba za Japani na Marekani. Ni nzito na nyingi zimetengenezwa vizuri, lakini zinataka volti 100 au 120, na ukichomeka kwenye 230 yetu utaiaga siku hiyohiyo. Ukiweka transfoma inayotosha itafanya kazi. Ile ya hezi 60 itapungua mzunguko kwa sehemu moja ya sita, yaani 1,700 itakuwa 1,400 na kidogo, jambo ambalo kwa seremala si hasara. Na usiiwashe kwa ekstensheni ndefu ya waya mwembamba. Mota ikiunguruma bila kuzunguka, zima papo hapo, inajipika.

Shika, tikisa, tazama

Sasa uko dukani, mashine iko mbele yako, plagi iko nje. Kwanza, jaribu kuiinua. Chuma cha kusubu hakina njia ya kudanganya uzito, na mashine mbili za namba moja zikitofautiana kilo tano, ile nzito mara nyingi ndiyo yenye meza isiyonepa.

Pili, shusha shafti mpaka mwisho, shika chaki kwa vidole, itikise kushoto na kulia. Ikigonga, inacheza. Shafti inayocheza itatoboa tundu pana kuliko biti, na hakuna wati zitakazolirekebisha. Tatu, funga biti nyembamba mpya iliyonyooka, zungusha chaki kwa mkono na utazame ncha. Ncha ikae nukta, isichore duara. Ikichora, jaribu biti nyingine, maana huenda biti ndiyo imepinda. Zikichora zote, acha mashine hiyo.

Nne, omba waya wa hanga ya nguo. Ukunje kama herufi Z, funga ncha moja kwenye chaki, nyingine iguse meza kwa mbele. Zungusha taratibu. Ikigusa mbele, kushoto, nyuma na kulia kwa wepesi uleule, meza iko sawa na shafti. Kushoto na kulia kukitofautiana hakuna tatizo, meza inalegezwa na kurekebishwa. Mbele na nyuma kukitofautiana ni shida, kwa sababu upande huo mashine nyingi hazina pa kurekebisha. Kisha bonyeza meza kwa kiganja. Ikinepa kwa kiganja, itanepa kwa biti.

Muuzaji atakutazama kama mwendawazimu na waya wako. Mwache atazame.

Atakwambia pia kuna stendi ya kufungia drili ya mkono, bei poa, "kazi ni ileile". Kwa tundu dogo kwenye paina, sawa. Lakini stendi nyingi zina mkono mrefu na chuma chepesi, na drili yenyewe ina kucheza kwake. Ukijumlisha kucheza kuwili hupati unyoofu.

Glovu nazo zina mashabiki wengi, na hapa sitanii. Kwenye mashine inayozunguka, usivae glovu. Biti ikishika uzi mmoja wa glovu, inavuta glovu, na glovu inavuta vidole. Mikono mirefu ya shati ikunjwe, mtandio uvuliwe, nywele zifungwe. Miwani ndiyo ivaliwe. Ufunguo wa chaki usiachwe kwenye chaki hata kidogo, maana ukiwasha unaruka. Ubao usishikwe kwa mkono mtupu kwa tundu kubwa. Ufunge kwa klampu, au urefu wake uulaze kushoto kwako. Biti huzunguka kwa mwelekeo wa saa, kwa hiyo ikiukamata ubao, ule upande wa kushoto utakwenda kujigonga kwenye nguzo na kusimama pale. Ukiwa kulia, unakuja tumboni. Na chini ya kazi weka ubao wa kafara, kipande chochote cha mbao taka, ili upande wa kutokea usichanike.

Mashine ikifika

Wengi wetu tunaagiza Kariakoo, Dar es Salaam, inasafiri zaidi ya kilomita 550 kwenye buti la basi au kwenye lori. Vipuri navyo hivyohivyo. Mei 2024 mafuriko yalipoikata barabara maeneo ya Somanga, mkanda wangu nao ulichagua wiki hiyo kukatika. Tangu hapo nina mkanda wa akiba ukutani. Namba ya mkanda huandikwa mgongoni mwake na hufutika haraka. Ipige picha siku ya kwanza.

Mara nyingi chaki huja imetengwa, ndani ya kiboksi chake, na watu hutafuta skrubu ya kuifungia wakaikosa. Kwenye mashine nyingi za aina hii haipo. Inashikana kwa umbo la koni, kama ndoo mbili zilizopachikana mpaka ukaomba msaada wa kuzitenganisha. Ndiyo maana mashine hii haipendi kusukumwa ubavuni. Wako wanaoweka biti ya kuchimbia mfereji na kusukuma ubao pembeni, na siku moja chaki yote inashuka mezani inazunguka. Nguvu yake ni ya kushuka chini. Pembeni haina ahadi.

Kiwandani huipaka mashine nzima grisi nzito ya kuzuia kutu. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Halafu huku kwetu, kwa hewa hii ya chumvi ya Shangani na Mikindani, meza tupu huanza kupata madoa mekundu masika ya kwanza tu, na vumbi la mbao lililoachwa juu yake hunyonya unyevu na kuharakisha mambo. Nguzo ipake mafuta ya cherehani. Meza ipake nta, siyo mafuta, maana mafuta yatahamia kwenye mbao na vanishi itakataa kushika. Usiifunike kwa nailoni, inakusanya jasho. Shuka kuukuu linatosha.

Koni ya chaki, peke yake, isipate mafuta wala nta. Ifute kwa spiriti nje na ndani mpaka kitambaa kitoke cheupe. Rudisha taya ndani kabisa zisiumie, ipachike, na uigonge mara mbili kwa nyundo ya mbao kutoka chini. Ikidondoka ukishatoboa tundu la kwanza, kuna grisi imebaki huko ndani. Futa tena, gonga tena.